Funika Kombe: Uhakiki wa Masimulizi ya Vyombo vya Enzi

Miongoni mwa zawadi ambazo Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, katika miaka ya 1840, mbili zimedumu katika vitabu vya historia kuliko nyingine. Ya kwanza ni gari la fahari la kukokotwa na farasi. Ya pili ni seti ya vyombo vya chai vya fedha iliyochovywa dhahabu. Husimuliwa kwamba gari lilifika vipande vipande, likaungwa, na mwaka ukapita halijatembea, kwa kuwa Unguja haikuwa na barabara ya kulipitisha. Husimuliwa tena kwamba vyombo vya chai vilionekana vya anasa kupita matumizi, vikapelekwa katika nyumba ya konseli wa Kiingereza vikahifadhiwe huko. Masimulizi huishia hapo, na msomaji huachiwa acheke.

Kicheko hicho ndicho kinachostahili kupimwa. Gari na vyombo hufungwa katika sentensi moja kana kwamba vilikaa bure kwa sababu moja, nayo ni kwamba nchi ilikuwa haijafikia daraja ya kuvitumia. Lakini gari lilikosa barabara. Buli la chai lilikosa nini? Maji yalikuwapo, moto ulikuwapo, na wageni wa kukaribishwa walikuwa tele katika bandari iliyopokea merikebu za Marekani, Uingereza na Ufaransa. Mwandishi asemaye kwamba vyombo vilikuwa vizuri mno hata visitumike amesema ya nje, akaacha ya ndani. Chombo ni kitu kinachosomwa, na kila jamii ina kanuni zake za kukisoma. Anayetaka kukisoma chombo cha enzi hana budi kukiuliza maswali matatu: ni nani aliyekifanya, ni nani aliyekula ndani yake, na ni nani aliyekilipia. Swali la kwanza Waingereza wameliandika juu ya chombo chenyewe. La pili washairi na wasimulizi wa pwani wamelijibu kwa ufasaha mkubwa. La tatu limefunikwa na pande zote mbili, na kazi ya uhakiki ni kulifunua.

Katika Uingereza chombo cha fedha ni mfano wa hati. Mwaka 1300 sheria ya mfalme iliagiza kwamba fedha ikaguliwe na kupigwa muhuri wa kichwa cha chui. Mwaka 1478 masonara wa London wakaanza kuongeza herufi ya kuonyesha mwaka. Mwaka 1544 akaongezwa simba atembeaye. Pamoja na mihuri hiyo huwapo alama ya sonara mwenyewe. Mtu mwenye ujuzi akikigeuza chombo chini juu husoma mambo hayo bila kumwuliza mtu: kwamba katika sehemu 1,000 za madini yake 925 ni fedha safi, kwamba kimepimwa katika mji fulani, mwaka fulani, na kwamba kimetoka katika karakana fulani. Juu ya mihuri, mahali panapoonekana na wageni, huchorwa nembo ya ukoo wa mwenye chombo.

Dhahabu huja mwisho, nayo haifiki ndani. Kwa karne nyingi ilichanganywa na zebaki, mchanganyiko ukapakwa juu ya fedha, kisha chombo kikatiwa motoni hata zebaki ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki imeshika. Mvuke ule ulikuwa sumu, na wachovyaji walidhoofika miili kwa ajili yake. Njia ya umeme, ambayo Elkington wa Birmingham aliipatia hati ya serikali mwaka 1840, ndiyo iliyokuja kuwapunguzia mafundi hatari hiyo. Katika mihuri yote ya chombo, hakuna hata mmoja uliowekwa kuonyesha mapafu ya mchovyaji.

Kilele cha ufundi huo ni seti kubwa ya karamu ambayo Mwanamfalme George, aliyetawazwa baadaye kuwa George wa Nne, aliiagiza kwa masonara Rundell, Bridge na Rundell mwanzoni mwa karne ya 19. Vipande vyake vimezidi 4,000. Vingi vilitoka katika karakana ya Paul Storr, aliyeishi kutoka 1771 hata 1844. Na mpaka leo hutandikwa katika karamu za kitaifa za wafalme wa nchi ile. Jina la mwanamfalme huyo halikuwa geni Unguja. Seyyid Said alimpa Mfalme William wa Nne manowari ya mizinga 74 iitwayo Liverpool. Mfalme akamrudishia merikebu ya anasa iliyoitwa Prince Regent, ndicho cheo alichokuwa nacho George kabla ya kutawazwa. Basi vyombo vya chai vya Malkia havikuja peke yao. Vilikuja katika msafara wa vipawa ambamo kila upande ulipima uzito wa mwenzake, na Seyyid Said alikuwa mpimaji hodari.

Hati ya fedha, hata hivyo, ina udhaifu wake. Mihuri ya sonara hudumu, bali nembo ya mwenyewe hukwanguliwa. Katika vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642, vyombo vya vyuo vya Oxford viliyeyushwa viwe sarafu za kuwalipa askari wa Mfalme Charles wa Kwanza. Mwaka 1894 serikali iliweka kodi mpya juu ya mirathi, na tangu hapo makabaila wengi wamelazimika kuuza vyombo vya mababu zao. Mnunuzi mpya aliweza kuifuta nembo ya kwanza na kuchora yake mahali palepale. Jina la ukoo lililodhaniwa la milele huwa limekaa juu ya chombo kwa unene wa ukucha tu.

Sasa na isomwe seti ile ya chai kwa macho ya pwani. Hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinakataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na vya fedha, na katazo hilo linajulikana na mtoto wa chuoni. Seyyid Said alikuwa mtawala wa Kiibadhi, na mji wake ulijaa wanazuoni. Aliletewa chombo ambacho fedha ilikuwa mwili wake na dhahabu ngozi yake. Yaani chombo kilichokatazwa mara mbili. Si lazima kumtilia Seyyid maneno kinywani. Yatosha kusema kwamba sababu iliyo karibu kuliko zote, ambayo msikilizaji yeyote wa barazani angeitambua kabla hadithi haijaisha, haimo katika masimulizi yanayochekesha. Kukipokea chombo kwa heshima, kisha kukikabidhi kwa yule ambaye dini yake haimkatazi kukitumia, ni tendo lenye adabu kamili. Aliyelikosea ni msimulizi, aliyedhani kwamba chombo kisichotumika ni chombo kisichoeleweka.

Katazo hilo linaeleza jambo jingine kubwa zaidi, nalo ni heshima ya kaure. Waungwana wa Pate, Lamu na Mombasa hawakukosa mali. Walikosa ruhusa ya kuila katika fedha na dhahabu. Kaure ya China iliwapa mng'ao usiokatazwa. Ilisafiri mbali, ilivunjika upesi, na kwa sababu hiyo ilikuwa ghali na yenye haya. Waliijengea makao ukutani: vidaka vilivyochongwa katika chokaa, safu juu ya safu, vingi vikiwa vyembamba visiweze kubeba ila sahani moja au bakuli moja. Waliipachika pia makaburini. Nguzo za makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na ya Mambrui katika pwani ya Kenya, zilitiwa mabakuli na sahani ndani ya chokaa. Bakuli la kaburini haliwezi kuliwa na mtu, wala halikukusudiwa kuliwa. Limewekwa liseme kwamba aliyelala hapa alikuwa mtu wa sahani.

Hapo ndipo tofauti ya kanuni mbili hudhihirika. Fedha ya Kiingereza hubeba jina la mwenyewe mwilini mwake. Kaure ya pwani haikuwa na jina la mwenyewe. Jina lilikuwa katika ukuta. Nyumba ikisimama, kila aingiaye hujua bakuli ni la nani. Nyumba ikianguka, bakuli huwa yatima. Ndiyo maana shairi kuu la Kiswahili juu ya kuanguka kwa enzi, Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, lilifanya kidaka kuwa mojawapo ya picha zake zenye uchungu mwingi. Mshairi anauonya moyo wake usidanganywe na dunia, na katika kuuonya anaupitisha katika nyumba za wakuu waliokwisha ondoka. Hahesabu vyombo, wala hatafuti bei yake. Anaonyesha mahali pake palivyo sasa: penye kaure pana makinda ya ndege. Kwa picha hiyo moja amejibu swali la pili kwa ukamilifu, maana ameonyesha nani alikula, na nani anakula sasa mahali pale. Hakuna mwandishi wa vyombo vya fedha vya Uingereza aliyepata kuusema mwisho wa wenyewe kwa ukali huo, kwa sababu mihuri humshawishi aamini kwamba habari zote zimehifadhika.

Hata hivyo sifa ya shairi isizuie kuonyesha mpaka wake. Wanaoombolezwa humo ni mabwana. Wahudumu wakitajwa, hutajwa kama sehemu ya starehe iliyokwisha, si kama watu wenye mwisho wao wenyewe. Aliyeifuta kaure vumbi kila asubuhi hakupewa ubeti wake.

Ushahidi wa nathari unakamilisha ule wa shairi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, katika miaka ileile ya zawadi za Malkia. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Katika kitabu hicho ameeleza vyumba vya majumba ya baba yake: kuta zimegawanywa kwa vidaka vilivyopanda hata dari, ndani yake mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu ya mbao bilauri na sahani zimepangwa kwa ulinganifu, zikiwa zimenunuliwa bila kujali bei. Ameeleza pia nani aliketi kwenye chakula cha baba yake na nani hakuketi. Wana wake waliketi. Masuria, hata walio mama za wana hao, hawakuketi. Salme, ambaye mama yake alikuwa suria wa Kisirkasi, aliandika mambo hayo bila kelele, na kwa hiyo yana nguvu. Sahani ileile iliyomkaribisha mtoto ilimweka kando mzazi wake. Lakini hata Salme, aliyeona ndani zaidi kuliko wageni wote, aliutetea utumwa katika kurasa za kitabu chake. Macho yake yalifika kwenye ukingo wa sinia, yakasimama.

Swali la tatu linabaki. Ni nani aliyelipa?

Karibu na wakati wa zawadi, konseli Atkins Hamerton, aliyekuwa Unguja tangu 1841, alikuwa akimsukuma Seyyid Said atie sahihi mkataba. Ulitiwa sahihi mwezi Oktoba 1845, na tangu mwanzo wa 1847 ulikataza kuwasafirisha watumwa kutoka milki zake za Afrika kwenda Arabuni. Mkataba huo ulikuwa wa haki, na haki yake haipunguzwi na tamaa za waliouleta. Lakini msomaji azitazame meza mbili zilizokuwa nyuma yake. Meza ya Unguja ililipiwa na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa; mkataba wa 1845 haukuwagusa hao waliokwisha kuwapo mashambani. Meza ya Uingereza ilikuwa na bakuli la sukari, na sukari ya makoloni ya Karibi ilitokana na jasho la watumwa mpaka sheria ya 1833 ilipoanza kazi mwaka 1834, na wengi wao hawakuachiliwa kabisa hata 1838. Sheria ile iliwalipa fidia wenye watumwa, haikuwalipa watumwa. Familia nyingi za kikabaila zilipokea fidia hiyo. Zawadi ile ya chai, basi, ilitoka katika nyumba iliyotubu majuzi ikaenda katika nyumba iliyokuwa haijatubu, na katika nyumba zote mbili hapakuwa na muhuri wa kumwonyesha mchumaji.

Kulikuwa na mlipaji mwingine aliye mbali zaidi na meza zote mbili, naye ni mtu wa bara. Utajiri wa Unguja ulisimama pia juu ya pembe za ndovu, na pembe zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Sehemu ya pembe hizo ilikwenda Marekani kuwa vibao vya piano. Sehemu ilikwenda Uingereza, ambako mafundi wa Sheffield walitumia pembe kwa mipini ya visu vya mezani. Kwa hiyo kabaila wa Kiingereza aliyekata nyama mbele ya sinia la dhahabu ya kuchovya yamkini alikuwa ameshika Afrika mkononi.

Mfano wa mahali palipokuwa mwisho wa njia hizo ni Usukuma ya kando ya ziwa, na katika Usukuma hiyo, Mwamanyili. Leo ni kata ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012; nayo iko karibu na Ghuba ya Speke. Ghuba hiyo inaitwa kwa jina la Mwingereza aliyeliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, akiwa amesindikizwa na wapagazi na viongozi wa msafara waliojua njia. Maji yenyewe yamepigwa muhuri kama sahani: jina la aliyefika mwisho limeandikwa, majina ya waliokuwapo na ya waliombebea mizigo hayakuandikwa.

Si kwamba watu wa huko hawakuwa na vyombo vya enzi vya kusomwa. Utemi wa Kisukuma ulikuwa na ngoma zake na kiti chake, na baadhi ya vitu vya namna hiyo huonekana katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Jambo la kuangaliwa ni kwamba vitu hivyo havikuwa mali ya mtu bali ya utemi. Na mtemi mwenyewe aliweza kuondolewa na wakuu wake, vitu vikabaki vikimngojea mrithi. Mtemi hakula katika ngoma. Wanaume wa mji walikula pamoja shikome, kuzunguka moto wa jioni, na chombo cha chakula kilikuwa cha wote waliokaa hapo. Lakini hapa napo uhakiki usigeuke kuwa sifa tupu. Watemi walitoza, walidai fungu lao la pembe, na chini ya Waingereza walilipwa mshahara kwa kukusanya kodi. Na wanawake waliopika hawakuketi shikome. Sheria ya 1963 ilipouondoa utemi Tanganyika, si wote waliolia. Tofauti iliyopo si ya wema na ubaya. Ni tofauti ya sarufi: mahali pamoja chombo humwambia mtazamaji huyu ni nani, mahali pengine humwambia hiki ni cha nani baada ya huyu.

Wala kidaka hakijafa. Katika nyumba nyingi za Mwamanyili ya leo, kama katika nyumba za Bariadi na za Dar es Salaam, liko kabati lenye vioo sebuleni, na ndani yake vyombo vya wageni: glasi, sahani zenye maua, hotipoti walizotunzwa maharusi. Wenye nyumba hula katika sahani nyingine. Anayelicheka kabati hilo hurudia kosa la yule aliyelicheka buli la Seyyid Said. Chombo kilichowekwa kando kina kazi, na kazi yake ni kusema kwamba nyumba hii inaweza kumkirimu mtu. Lakini kabati hilo lina ubora mmoja ambao jumba la Mtoni halikuwa nao, wala nyumba za makabaila wa Uingereza. Mwenye kabati humjua aliyelipa, maana aghalabu ni yeye mwenyewe, kwa pamba aliyoilima au dagaa aliowaanika. Na akiulizwa hujibu bila kutazama chini ya sahani.

Mwanafunzi wa fasihi atakutana na vyombo kila mahali: katika tenzi, katika habari za wasafiri, katika riwaya zinazoeleza karamu za matajiri. Mazoea ni kuvipita kama mapambo, au kuvitaja kama dalili ya utajiri kisha kuendelea. Hukumu iliyo sawa ni kwamba orodha ya vyombo ni sehemu ya maandishi iliyo rahisi kuliko zote kumsaliti mwandishi, kwa kuwa hapo ndipo anapoonyesha macho yake yamekomea wapi. Mwandishi wa kisa cha zawadi yalimkomea kwenye mng'ao. Salme yalimkomea kwenye ukingo wa sinia. Sayyid Abdallah yalifika mbali zaidi, mpaka kwenye kidaka kitupu, lakini hata yeye alimwona aliyekipoteza chombo kuliko aliyekileta.

Waswahili husema, funika kombe mwanaharamu apite. Ni busara njema kwa jirani atakaye kulinda heshima ya nyumba. Kwa mhakiki si busara, wala kwa makumbusho. Nyumba ya Ajabu ya Unguja, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kuta zilizowahi kuitwa za milele zikawa vifusi kama zile za Pate. Vitakavyohifadhiwa kutoka katika majumba kama hilo vitawekewa vibandiko vipya vya maelezo. Kibandiko kikisema sonara ni fulani na mpaji ni malkia fulani, kitakuwa kimenakili muhuri. Kikiongeza kwamba mpokeaji hakuruhusiwa na dini yake kunywa ndani yake, kitakuwa kimeanza kusoma. Kikitaja na karafuu, sukari na pembe, pamoja na mabega yaliyozibeba, hapo kombe litakuwa limefunuliwa, na mtoto wa Mwamanyili atakayesimama mbele ya kioo atajua kwamba habari ile inamhusu.